Bunduki ya kupulizia rangi ya gari: anza na kompresa, kisha uende dukani

Watu wanaotaka kupiga rangi gari zao wenyewe hapa Chake Chake huniuliza wanunue bunduki gani ya kupulizia, na mimi huwauliza kwanza kompresa yao ina uwezo gani na umeme unafika vipi nyumbani kwao. Wengine huona kama ninawakwepa, ilhali suali langu ndilo lenye jibu la suali lao. Bunduki hula upepo, upepo hutengenezwa na mota, na mota hutegemea umeme; mtu akianza kununua bunduki kabla ya kuvijua hivyo vitatu, anaweza kurudi nyumbani na kifaa kizuri sana ambacho uani kwake hakitafanya kazi. Riziki yangu naipata kwa kufundisha fizikia skuli, na kazi ya rangi nimejifunza kwa mafundi wa gereji na kwa kuzipiga gari za nyumbani kwetu, kwa hiyo haya ninayoyaandika nimeyapima kwa hesabu na kwa mkono pia.

Kwanza niseme kwa ufupi kuhusu kikombe. Zipo bunduki ambazo kikombe kinakaa juu na rangi inateremka yenyewe, na zipo ambazo kikombe kinaning'inia chini na rangi inavutwa na upepo. Hizi za pili ndizo nilizozikuta kwenye gereji nyingi za zamani, na mafundi wenye kompresa kubwa bado wanazipenda kwa sababu kikombe chake hubeba lita nzima. Kwa nyumbani chukua ya kikombe cha juu, ya mililita 600 hivi, kwa sababu haihitaji upepo wa ziada wa kuvuta rangi na haiachi rangi nyingi chini ya kikombe unapomaliza. Na anayenunua rangi kwa robo lita anajua thamani ya kinachobaki chini.

Jambo lenye uzito ni upepo. Chukua kompresa ambayo watu wengi wanaimudu, yenye mota ya farasi 2 na tangi la lita 50. Kibandiko chake huenda kikasema lita 200 kwa dakika, lakini hicho mara nyingi ni kipimo cha hewa inayovutwa na pistoni, na upepo unaotoka hasa wakati mashine inasukuma dhidi ya presha ni mdogo zaidi. Mimi huchukua lita 150 kuwa ndio uwezo wake wa kweli, na hata hapo nakuwa mkarimu. Sasa angalia upande wa bunduki. Zile zilizoandikwa HVLP kwenye boksi, yaani za upepo mwingi na presha ndogo, zikiwa za ukubwa kamili hutumia lita 300 hadi 400 kwa dakika. Tuseme 350. Pengo ni lita 200 kila dakika, na pengo hilo linafidiwa na akiba ya tangi. Tangi la lita 50 linaposhuka kutoka bar 8 hadi bar 3 (bar ni kipimo cha presha) linatoa lita 250 za hewa ya kawaida. Gawanya 250 kwa 200, utapata dakika moja na robo. Baada ya hapo presha inaanguka ukiwa katikati ya boneti, matone ya rangi yanakuwa makubwa, na uso wa bati unatoka na vibonyeo mfano wa ganda la chungwa. Kwa rangi yenye chembe za metaliki hali ni mbaya zaidi, kwa sababu chembe hulala kwa namna tofauti pale presha ilipokuwa nzuri na pale ilipoanguka, na tofauti hiyo huonekana kama mabaka ambayo hakuna polishi itakayoyaondoa.

Ukichukua bunduki ya mtindo wa kawaida iliyo ndogo kidogo, inayotumia lita 200 kwa dakika, pengo linakuwa lita 50 na tangi lile lile linakupa dakika tano. Ukichukua zile zilizoandikwa LVLP, yaani upepo mdogo na presha ndogo, ambazo nyingi hutumia kati ya lita 100 na 170, pengo linakaribia kwisha kabisa. Hesabu hii ndiyo inayonifanya niwashauri watu wa nyumbani waiache HVLP ya ukubwa kamili, hata kama ndiyo inayosifiwa zaidi, mpaka watakapokuwa na tangi la lita 200 na mota ya kuitosheleza.

Sifa za HVLP ni za kweli, nami sitaki kuidharau. Katika jimbo la California nchini Marekani kanuni za hewa safi ziliwalazimisha wapiga rangi watumie bunduki ambazo angalau asilimia 65 ya rangi inafika kwenye bati, na aina hii, ambayo presha kwenye kofia yake, yaani kile kifuniko cha mbele kinachotoa upepo, haizidi bar 0.7, ilienea kwa sababu hiyo. Bunduki za zamani za presha kubwa zinaweza kupeleka theluthi tu kwenye bati na nyingine yote ikaenda hewani. Hapa kwetu, ambapo uwa wa mtu mmoja unapakana na kamba ya nguo ya jirani yake na jiko la mwengine, rangi inayopotea hewani ni suala la ujirani mwema kabla ya kuwa suala la fedha. LVLP inakaribia kufanana na HVLP katika jambo hili, huku ikila upepo wa kompresa ndogo. Kasoro yake ni kwamba rangi hutoka katika upana mdogo na kazi huenda polepole, na kwa joto letu la nyuzi 30 ukingo wa rangi unaweza kuanza kukauka kabla hujaufikia tena. Dawa yake ni kutumia tina, yaani kimiminika cha kuzimulia rangi, inayokauka taratibu na kuipiga gari kipande kwa kipande: mlango leo, matgadi kesho. Paa la gari kubwa ndilo linaloisumbua kwa kweli, na mwenye basi dogo la abiria ni bora aende gereji.

Kuhusu umeme, Pemba imeunganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na zama za kutegemea jenereta za Wesha zimepita. Hata hivyo, umeme kufika kisiwani ni jambo moja, na umeme kuufikia uwa wako ukiwa na nguvu yake kamili ni jambo jengine. Nyumba iliyo mbali na transfoma, hasa magharibi watu wanapowasha taa, majiko na mafriji kwa pamoja, inaweza kuwa chini sana ya volti 230, na mota ya kompresa ikikosa volti huvuta mkondo mkubwa zaidi, inapata moto, na mwisho inashindwa kuanza pale tangi linapokuwa na presha. Pima kwa mita wakati kompresa inazunguka, wala usipime ikiwa imezimwa. Na usivute waya mrefu mwembamba wa umeme kutoka ndani hadi uani. Iache kompresa karibu na soketi na urefushe mpira wa upepo. Mpira huo uwe na tundu la milimita 8 au zaidi, kwa sababu wa milimita 6 ukiwa mrefu hunyonga upepo, na geji ya kwenye tangi itakwambia bar 3 wakati kwenye mkono wa bunduki ipo chini ya 2. Ndiyo maana nasisitiza geji ndogo ifungwe kwenye bunduki yenyewe. Ni kifaa cha bei nafuu na ndicho pekee kinachosema ukweli ukiwa umeibana triga.

Sasa nifike kwenye maji, ambayo kwa visiwa hivi naona yana uzito kuliko chapa ya bunduki. Hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke katika kila mita moja ya ujazo, na siku ambayo unyevu ni asilimia 80, jambo la kawaida kabisa kwetu, inabeba gramu 24. Kompresa ikiibana hewa hiyo hadi bar 8 kwenye geji, ujazo wake unapungua mara tisa, na ikisharudi kwenye nyuzi 30 haiwezi kushika zaidi ya gramu tatu na kitu. Gramu 20 zilizobaki zinageuka maji. Kompresa ya lita 150 kwa dakika inavuta mita tisa za ujazo kwa saa, kwa hiyo saa moja ya kazi inazalisha gramu 180 za maji, karibu bilauri nzima, ndani ya mfumo wa upepo unaoelekea kwenye rangi yako. Mtu akiiona hesabu hii hashangai tena kwa nini rangi yake ilitoka na vitone na malengelenge.

Sehemu ya maji hayo hubaki chini ya tangi na hutolewa kwa kufungua kizibo cha chini, jambo linalotakiwa lifanywe kila unapomaliza kazi. Sehemu nyingine inatoka ikiwa bado ni mvuke, kwa kuwa hewa inayotoka kwenye kompresa ni ya moto, na mvuke unapita ndani ya kichujio bila ya kukamatwa. Watu wengi hufunga kichujio palepale kwenye mdomo wa tangi, mahali ambapo kina faida ndogo kabisa. Hewa lazima ipoe kwanza. Mimi huuzungusha mpira ndani ya ndoo kubwa ya maji ya kisima, ukipiga mizunguko kadhaa, kisha ndipo nafunga kichujio, na baada ya kichujio unabaki mpira mfupi wa kufikia bunduki. Kioo cha kichujio kinapoanza kujaa matone mbele ya macho yako unajua kwamba kitu kile kingekuwa kwenye boneti. Ukibakiwa na fedha ya kuongeza, kabla ya kupanda daraja la bunduki nunua kichujio kizuri zaidi.

Baada ya hapo chagua nozeli, yaani mdomo wenye tundu la kutolea rangi, na nozeli huchaguliwa kwa rangi. Praima, ile rangi ya kwanza inayopigwa chini ya nyingine, ni nzito, inataka tundu la milimita 1.7 hadi 2.0. Rangi ya msingi na klia, lile tabaka la juu linaloonya, zinataka 1.3 au 1.4. Rangi ya kawaida isiyo na klia juu yake huenda vizuri kwa 1.4 au 1.5. Kabla ya kununua chochote soma namba ya rangi kwenye kibati cha gari. Gari nyingi zinazokuja kwetu kutoka Japani ni Toyota, na kama kibati kinasema 040, hiyo ni nyeupe ya kawaida isiyo na chembe, ambayo mtu wa nyumbani anaweza kuipiga kwa bunduki ya wastani na akatoka na kazi ya kuridhisha. Ikisema 070, hiyo ni nyeupe ya lulu, inayohitaji tabaka tatu tofauti, na tabaka la kati la lulu likizidi mkono mmoja upande huu na kupungua upande ule, mlango hautafanana na matgadi. Kwa rangi hiyo sishauri mtu aanzie nyumbani, hata awe na bunduki ya aina gani. Rangi za fedha ziko katikati: zinawezekana, ila kwa presha isiyoyumba, jambo linaloturudisha kwenye lile tangi.

Ushauri wangu ni kununua bunduki mbili za bei ya wastani badala ya moja ya bei kubwa: moja ya 1.7 au 1.8 kwa praima peke yake, na moja ya 1.3 au 1.4 kwa rangi na klia. Praima huacha chembe zake kwenye vijia vya ndani hata ukisafisha kwa uangalifu, na chembe hizo hutoka siku unayopiga klia. Iwata ya Japani, SATA ya Ujerumani na DeVilbiss ya Marekani ni majina yenye heshima yake, na aliyenayo ya kweli ana mali. Lakini nakala za maumbo yake ni nyingi mno sokoni, na jina lililochorwa kwenye mkono wa bunduki si ushahidi wa kutosha.

Ushahidi unaupata kwa macho. Mara ya mwisho niliponunua, muuza duka alinitolea bunduki inayong'aa na kuniambia, "Mwalimu, hii ni orijino, chukua kwa kujiamini." Nikamwomba ruhusa, nikaifungua kofia ya upepo, nikaielekeza bunduki kwenye mwangaza wa mlangoni. Ncha ya sindano, inayofungua na kuziba tundu la rangi, ilikuwa imeegemea upande mmoja wa tundu, na ule mwanya mwembamba unaoizunguka nozeli ulikuwa mpana kushoto na karibu haupo kulia. Upepo ukipita kwenye mwanya wa namna hiyo hausukumi rangi sawasawa, na hakuna skrubu itakayorekebisha. "Hii imepinda, kaka, naomba nyengine." Akanipa tatu, naye akawa anaziangalia pamoja nami kwa hamu, na ya tatu ilikuwa ndani ya boksi la kawaida kabisa, mwanya wake sawa pande zote, matundu ya masikio ya kofia safi bila ya mabaki ya chuma. Hiyo ndiyo niliyoichukua. Nilimwonesha pia jambo la triga: ukiibonyeza kidogo, inatakiwa kwanza usikie inafungua upepo tu, kisha ukiendelea kuibonyeza uone sindano inaanza kurudi nyuma. Ikirudi sindano mapema, rangi itatoka kabla ya upepo na kutema matone. Angalia vilevile kama nozeli na sindano ni za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hewa yetu ya bahari haina huruma, na uulize kama vipuri vyake vinapatikana. Mpira wa ndani wenye thamani ndogo ukikatika na hakuna wa kubadilisha mpaka uagizwe kwa meli kutoka Unguja au Dar es Salaam, bunduki nzima imekaa bure.

Ukifika nyumbani usianze na gari. Bandika gazeti ukutani, tia rangi iliyochanganywa kama utakavyoitumia, simama umbali wa sentimita 20, kisha ubonyeze triga kwa sekunde moja bila ya kuusogeza mkono. Alama inayotakiwa ni duara refu lililosimama wima, lenye rangi sawa kutoka juu hadi chini. Ikiwa rangi imejaa katikati, presha ni ndogo au rangi ni nzito. Ikiwa imejaa kwenye ncha na katikati pamebanwa, presha imezidi au umetia tina kupita kiasi. Ikiwa imepinda kama hilali, tundu moja la sikio la kofia limeziba, na hapo kuna jaribio zuri ambalo fundi mmoja mtu mzima alinifundisha: "Igeuze kofia, mwanangu, upige tena." Ukiigeuza kofia nusu mzunguko na hilali nayo ikageuka, tatizo liko kwenye kofia, ikibaki upande ule ule, tatizo liko kwenye nozeli au sindano. Viputo ndani ya kikombe navyo vina maana yake: nozeli haikukazwa vizuri, au kifungio chake kimeharibika, na upepo unaingia kwenye njia ya rangi.

Kuna bunduki za umeme zenye feni yake zisizohitaji kompresa kabisa, na watu huvutiwa nazo kwa sababu zinaonekana kuondoa matatizo yote niliyoyataja. Nyingi zinazofika madukani zimetengenezwa kwa kuta na milango ya mbao. Matone yake ni makubwa mno kwa bati la gari. Zitumie kwa ukuta.

Bunduki yoyote utakayoichagua, fikiria mapafu kabla hujachagua rangi. Hadena, yaani dawa ya kuigandisha rangi, inayochanganywa kwenye klia na rangi nyingi za kisasa ina isosianeti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya maisha, na mwili ukishaikataa mara moja hata kiasi kidogo huleta shambulio. Haina harufu ya kukuonya unapokuwa umevuta kiasi cha hatari. Kitambaa puani hakifai kitu, na barakoa ya kichujio cha kaboni haitoshi kutegemewa kwa kazi hiyo. Kinachotakiwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira wake, na upepo huo nao unaongeza mzigo kwenye kompresa. Asiyekuwa nayo, maoni yangu ni kwamba apige nyumbani praima na rangi zisizo na hadena, akiwa na barakoa ya kaboni yenye vichujio vipya, na gari aipeleke gereji yenye vifaa kwa ajili ya klia. Rangi za zamani za selulosi ambazo mafundi wanaziita duko hazina hadena, ila zina udhaifu wake: siku ya unyevu mwingi huota ukungu mweupe juu, kwa hiyo usizipige katikati ya masika wala jioni umande unapoanza kushuka. Asubuhi ya kaskazi, jua likishakausha hewa na upepo haujapanda, ndio wakati wangu. Watoto waondoke uani kabla ya kikombe kujazwa, na jirani apewe taarifa mapema aanue nguo.

Usafi wa bunduki ufanywe saa ile ile unapomaliza, maana rangi yenye hadena ikishaganda ndani haitoki tena. Mimina tina, ipulize mpaka itoke safi, kisha fungua. Toa sindano kwanza ndipo ufungue nozeli, na wakati wa kurudisha funga nozeli kwanza ndipo uingize sindano. Ukikiuka mpango huo, sindano inabonyeza mdomo wa nozeli ukiwa unazunguka na kuutanua. Matundu ya kofia yasafishwe kwa kijiti cha mti au brashi laini, wala usitumie pini ya chuma. Usiilaze bunduki nzima ndani ya tina usiku kucha, kwa sababu mipira ya ndani huvimba na grisi yote huoshwa. Ikauke, pakaza kidogo mafuta yasiyo na silikoni kwenye mhimili wa triga na nyuzi za skrubu, kisha uifungie kwenye boksi lenye kifuniko ili hewa ya chumvi isiifikie mpaka kazi nyengine.